Chacha Alivyotufundisha Kemia kwa Mrija wa Togwa

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na dawa yote ya mtihani wangu wa kemia ilikuwa imeshafika tumboni. Sikuimwaga wala sikuiangusha. Niliinywa. Niliivuta kwa pipeti mpaka kwenye mstari, nikaupita mstari, nikameza kwa utulivu kama mtu aliyealikwa, halafu nikaifuta ncha ya pipeti kwa kiganja na kumpa jirani yangu Robhi huku nikimwambia, "Karibu."

Robhi hakuipokea. Mwalimu Wambura, aliyekuwa anasimamia, akaja polepole kama mtu anayemwendea nyoka. Akatazama chupa yangu ilivyo tupu, akatazama mdomo wangu.

"Mwita, umefanya nini?"

"Nimepima, mwalimu."

"Ukaweka wapi?"

Hapo ladha ikanifikia. Ilikuwa kama nimelamba sabuni ya mche iliyolala kwenye magadi. Mwalimu akanikalisha chini, akaninywesha maji jagi zima, akanichungulia koo. Akasema ile dawa ilikuwa nyepesi, haiui mtu, ila kwa upande wa mtihani nilikuwa nimeshakufa.

Na mtihani ule haukuwa wa mchezo. Ulikuwa wa kumaliza kidato cha tatu, na shuleni kwetu sheria ilikuwa moja: ukianguka kemia mwaka huo, unatolewa mkondo wa sayansi. Mimi nilikuwa nimemwahidi mama kwamba nitakuwa tabibu. Mama alikuwa na kifua kinachombana, na kutoka kwetu Mbalibali mpaka umpate mtu wa kumpiga sindano ilikuwa safari ya kuanza na jogoo. Baba sikumwahidi kitu. Yeye alisema tu, "Kemia ikikushinda, ng'ombe hawana mtihani."

Sasa nyie wenzangu mliosoma enzi za daftari lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, nyie ndio mtanielewa. Mambo haya hayakuanza siku hiyo ya Alhamisi. Yalianza mbali, na yana wenyewe, na leo nawataja.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi pale Nkende, nasoma shule ya kutwa. Asubuhi tulitoka na kiazi kitamu cha kuchemsha mfukoni, kikikuchoma paja mpaka nusu ya njia, halafu kinapoa ndipo unakila. Mkono mmoja jembe, mkono mwingine fagio, madaftari kwapani. Tulifika tumelowa umande hadi magotini. Darasa lilinuka chaki na jasho na maziwa mgando ya wale waliotoka mbali. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mwenye kulalamika alipewa jembe la pili.

Maabara yetu ilikuwa kabati. Kabati lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikaa kwenye mkanda wa Mwalimu Wambura, na huyo ndiye mkosaji wangu wa kwanza. Ndani ya kabati kulikuwa na pipeti moja kwa darasa zima. Mwaka mzima tuliiona mara moja. Aliinua juu kama padri anavyoinua kikombe, wa mbele wakaiona, sisi wa nyuma tukaamini. Akasema, "Hii ni pipeti. Mnavuta mpaka kwenye mstari. Ikivunjika hii, na mimi navunja mtu." Akairudisha, akafunga. Hakusema baada ya mstari kinafuata nini. Mwalimu Wambura, popote ulipo, shikamoo, lakini sentensi ile hukuimalizia.

Basi tukabaki na diskasheni. Vijana wa leo wakisikia diskasheni wanafikiri ni kundi la kwenye simu, watu mia mbili wanatumiana vikatuni. Yetu ilikuwa ya kukaa chini. Tulikuwa watano, wote tulipita jando msimu mmoja, na hapo ndipo kemia yetu ilipoharibikia. Maana kwetu, mkishaenda pamoja, aliyetangulia siku ile ametangulia mpaka kaburini. Hata awe amekutangulia kwa dakika za kumenya ndizi. Hukai kabla yake, hunywi kabla yake, wala humwambii amekosea. Wa kwanza alikuwa Chacha. Mimi nilikuwa wa nne.

Chacha kwenye kemia alikuwa anapata alama kumi na moja kwa mia, na katika hizo kumi na moja nne zilikuwa zangu, alizichungulia. Lakini kigoda alikalia yeye, sisi tukakaa chini. Alianza, "Atomu ni kitu kidogo sana." Halafu ananyamaza kama mzee anayesubiri ugoro umwingie. Baada ya muda anauliza, "Tumeelewana?" Tunasema tumeelewana. Somo limekwisha.

Siku moja yule wa tano, kijana mwembamba tuliyemwita Sindano, akasahau nafasi yake. Chacha alikuwa ametuambia sodiamu ni namba kumi na mbili. Sindano akasema kwa adabu kabisa, "Kitabu kinasema kumi na moja."

Chacha akamtazama. "Wewe ulikuwa wa ngapi?"

"Wa tano."

"Basi tulia."

Sodiamu ikakaa na kumi na mbili yake muhula mzima. Na sisi wote tuliijaza hivyo kwenye jaribio, tukijua, kwa heshima.

Akatufundisha na kukariri kwa kuimba. Elementi ishirini za mwanzo tulizitia kwenye mwendo wa kuswaga ng'ombe, tunaimba njia nzima kutoka Nkende mpaka shuleni, na kusema kweli ilikuwa tamu. Tatizo lake ni kwamba huwezi kuingia katikati. Mwalimu akikuuliza habari za klorini, lazima uanzie haidrojeni upande nao wote mpaka uifikie. Kwenye jaribio ulisikia watu watano wananguruma kama mizinga ya nyuki, na muda unakwisha bado tuko kwenye naitrojeni.

Halafu akaenda Sirari, mpakani, akarudi na kitabu cha maswali na majibu kutoka ng'ambo. Alisema muuzaji alimwambia, "Shika hii, buda, hautajuta." Tukakariri majibu kurasa arobaini. Maswali hatukuyagusa, Chacha alisema yanapoteza muda. Jaribio lilipokuja, swali la saba liliuliza namna ya kusafisha maji ya kisima. Mimi nikaandika jibu la saba, ukurasa mzima, mwandiko mzuri, habari za kutengeneza mbolea. Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nani atakunywa?"

Sasa kulikuwa na Robhi, huyo jirani yangu wa maabara. Robhi hakuwa na kundi. Kila kipindi kikiisha, wakati sisi tunakimbilia mpira wa matambara, yeye anafunga daftari, anatoka nje, anachukua kijiti, anaandika chini kwenye vumbi kila anachokumbuka. Akimaliza anafungua daftari, analinganisha. Palipokosewa anafuta kwa unyayo, anaandika upya. Dakika kumi tu, hazizidi. Tulimcheka sana. Tulimwita mganga, kwamba anapiga ramli.

Jioni alimsimulia bibi yake somo lote kwa Kikurya. Bibi hajui herufi hata moja, anamenya maharage, anauliza maswali mabaya. Nilipita pale siku moja nikasikia: "Huyo asidi na huyo besi wakikutana wanazaa nini?"

"Chumvi na maji, bibi."

"Na wenyewe wanabaki?"

"Hawabaki."

"Basi hiyo ndoa ni ya kweli. Endelea."

Mama yangu naye alikuwa na msemo wake, alinipa siku naondoka Mbalibali: "Kichwa ni zizi. Usipofunga lango jioni, asubuhi unahesabu kwato." Alimaanisha ninachosoma leo nikipitie leo. Nilimwitikia, nikadhani anaongelea ng'ombe.

Kuna jioni nilimkuta Robhi bombani, nikamwuliza habari ya moli, maana moli ilikuwa imetushinda wote, hata Chacha aliiruka. Robhi akaweka ndoo chini. "Moli ni hesabu tu, kama dazeni. Dazeni ya mbuzi ni kumi na mbili. Dazeni ya ng'ombe ni kumi na mbili. Sasa jaribu kuzibeba." Nikaona mwanga. Nilikuwa naanza kuuliza swali la pili, Chacha akatokea.

"Mwita, unafundishwa na nani?"

"Nachota maji."

"Ndoo iko wapi?"

Sikuwa na ndoo. Nikaondoka na mwanga wangu ukazimikia njiani.

Zikabaki wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo. Tukajua siku hiyo pipeti zitaazimwa kutoka shule nyingine, kila meza moja, na hakuna kati yetu aliyewahi kuishika. Chacha akatuita kwao. Ukutani kwa babu yake ilining'inia ile mirija mirefu ambayo wazee wanavutia pombe wakikaa kuzunguka chungu. Akautungua mmoja. "Pipeti ni nini?" akauliza. Tukanyamaza, maana swali la wa kwanza halijibiwi haraka. "Pipeti ni mrija huu huu, wameukata wakautengeneza kwa kioo."

Wa kubisha angekuwa nani? Akafunga uzi mwekundu kwenye mrija, juu, akasema huo ndio mstari. Mama yake alikuwa amepika togwa ya ulezi, nzito kidogo, tamu, imechacha vizuri. Chungu kikawekwa katikati. Zoezi: vuta mpaka kwenye uzi. Lakini mrija ule si kioo, huoni kitu ndani, kwa hiyo unajua togwa imefika kwenye uzi pale inapofika kwenye ulimi. Na ikishafika ulimini unaipeleka wapi? Sindano alitaka kuitema. Mama Chacha, aliyekuwa anapepeta pale pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Atakayetema togwa yangu, kwangu asikanyage tena."

Kwa hiyo tukameza. Ukimeza unafuta ncha kwa kiganja, kama wazee wanavyofanya, unampa anayekufuata, unasema karibu. Chacha, wa pili, wa tatu, mimi, Sindano. Chungu kikiisha, maabara imefungwa.

Wenzangu walikuja siku mbili tatu, wakachoka, wakarudi kwenye mpira. Mimi nilikuwa na mama mwenye kifua. Nilikwenda kila siku, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Vuta, fika, meza, futa, karibu. Mama Chacha aliwaambia majirani, "Huyu mtoto wa Mbalibali ana bidii." Nikaota mashavu. Hakuna mwanafunzi aliyefanya mazoezi ya pipeti kama mimi, nasema hivyo leo bila kujisifu, na hicho ndicho kilichonimaliza. Kitu ukikirudia sana, mkono haumwulizi tena kichwa. Laiti ningekuwa mvivu, ningekuwa tabibu.

Alhamisi mmeshaiona. Wenzangu wanne, kwa kuwa hawakuwa na mazoezi, waliogopa, wakaangalia Robhi anafanyaje, wakaiga. Robhi alivuta kidogo, akaziba juu kwa kidole, akateremsha kwenye chupa. Kidole. Kitu chenyewe kilikuwa kidole. Mimi sikuangalia mtu, nilikuwa na uhakika. Mwalimu Wambura alipouliza nani alinifundisha vile, nikatazama sakafu. Kwa desturi yetu aliyekutangulia humtaji. Chacha naye alikuwa anatazama bureti yake kwa makini sana, kama kuna samaki ndani.

Kwa vitendo nilipata alama mbili, za kuandika jina na namba. Nikatolewa sayansi. Nikajaribu kukaa na masomo mengine, hayakunipokea, mwaka haukufika nikarudi Mbalibali. Mama alinipakulia ugali na mlenda, akakaa mbele yangu. Habari ilikuwa imeshamfikia kabla yangu.

"Ulilazimishwa kuinywa?"

"Hapana, mama."

"Basi kula, isikae tumboni peke yake."

Baba alinionyesha fimbo ya ng'ombe ilipo. Na huyo tabibu aliyekuja kumpiga mama sindano miaka ya baadaye, karibu kabisa na nyumbani, alikuwa Robhi. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Kila akidungwa alinionyesha kwa kidevu na kumwambia, "Na huyu angekuwa kama wewe." Amekwenda kupumzika akiwa anasema hivyo hivyo.

Leo nina mashine ya kusaga Nkende na binti anaitwa Ghati, kidato cha tatu, mkondo wa sayansi, sheria ni ile ile. Watoto wa siku hizi mnawajua. Mwalimu akiandika ubaoni hawanakili, wanapiga picha. Simu imejaa picha elfu za ubao, kichwani hakuna hata moja. Pipeti zao zina puto la mpira juu, mdomo haugusi kitu, na wamevaa miwani mikubwa kama wachomeleaji wa mageti. Wakitaka kujifunza wanaangalia mzungu kwenye video, amevaa glavu, anachanganya, inabadilika rangi, wanasema wameelewa, wanalala. Ng'ombe nao wanaangalia lori likipita barabarani kila siku, hakuna hata mmoja aliyepata leseni.

Mimi Ghati nimemwekea utaratibu. Akitoka shule anapita mashineni, anakaa juu ya gunia, madaftari yamefungwa, ananisimulia walichosoma. Nikishindwa kuelewa, hajui bado. Anafungua, anasoma alipopotea, anaanza tena. Maswali ya mitihani ya nyuma anayafanya kwa mkono wake mwenyewe, jibu haliangalii kabla jasho halijamtoka. Anasema, "Baba, jamani, wewe si uliishia kidato cha tatu?" Namwambia ndiyo, na njia ya kuishia pale naijua vizuri, ndiyo maana nimesimama mlangoni.

Tungeishia hapo kwa amani, lakini mwezi uliopita shuleni kwao aliletwa mgeni wa kuwapa moyo watoto wa sayansi. Mgeni alikuwa Chacha. Ana ofisi Bomani sasa, ofisi yenye pazia, na tumbo lenye mkanda wa ngozi. Ghati alirudi macho yanang'aa, ameandika yote. Mgeni aliwaambia enzi zao walijitegemea, walifanya praktiko kwa vifaa vya nyumbani, yeye akiwa kiongozi, na katika kundi lake hakuna aliyeanguka. Akawaambia kila mmoja atafute kiongozi na amfuate bila maswali mengi. Ghati ananiambia, "Baba, nafikiri niache kuja mashineni. Tumeunda kundi. Kiongozi wetu ameshachaguliwa."

"Anapata ngapi kemia?"

"Si lazima iwe alama, baba. Ana kujiamini."

Nikazima mashine. Nikaenda Bomani na unga kwenye nyusi. Chacha alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo, aliagiza chai na chapati. Nikamwuliza mimi nilianguka au sikuanguka. Akacheka mpaka akashika meza.

"Mwita, ndugu yangu, acha hayo. Ile kitu mimi nilijua tangu Jumanne."

"Ulijua nini?"

"Robhi aliniambia getini. Kwamba haimezwi, inazibwa kwa kidole."

"Jumanne hiyo ya kabla ya mtihani?"

"Hiyo hiyo. Sasa ningesemaje? Mimi ndiye niliyetangulia. Niwaite niwaambie nimewakosesha?" Akanisogezea chapati. "Na wewe ulikuwa na bidii mno. Ilinitia huruma kukukatisha."

Nilikula chapati. Nimelelewa vizuri. Lakini tangu siku hiyo nasaga unga wa watu vibaya, unatoka chenga.

Kwa sababu niwaambie ukweli, nyie wa rika langu: nilikuwa namwonea huruma Ghati. Usiku na mchana yuko peke yake na kile kioo, ana marafiki mia kwenye simu na hakuna hata mmoja anayemsikia akikosea. Nilikuwa najisemea kwamba sisi angalau tulikaa watano chini, tukaimba haidrojeni barabara nzima, tukagawana kiazi kimoja, na tukikosea tunakosea wote. Hilo ndilo nililobaki nalo kutoka shule. Cheti sina, hilo nilikuwa nalo. Watoto wa leo wana kila kitu, hicho hawana, na nilikuwa nawacheka kidogo kwa hicho. Kumbe Alhamisi ile nilikosea peke yangu, na mmoja wetu alikuwa ameketi pale akisubiri kuona.

Kwa hiyo Chacha, mbele ya rika letu hili, mimi wa nne nimekuja kukuuliza wewe wa kwanza, na desturi ikasirike inavyotaka. Nimeongea na mwalimu wao wa kemia, amekubali kipindi kimoja. Robhi amesema atakuja. Utasimama mbele ya watoto wale wale uliowaambia wafuate bila maswali, Ghati akiwa mstari wa mbele, na watakuuliza wao. Jumanne ulijua. Mtihani ulikuwa Alhamisi. Katikati kuna siku nzima, na siku hiyo nilikuja kwenu mara mbili, ukanifungulia mwenyewe, ukanishikia chungu. Ieleze Jumatano, Chacha. Anza na asubuhi.